Uji Ambao Katungu Hakuuonja

Akina mama wa Butembo, akina baba wa Beni, nanyi wajukuu mliozaliwa baada ya vita vile, wekeni majembe chini kidogo mnisikilize. Nitawaeleza habari za nyumba moja ya Bulengera. Si habari za kuchekesha, lakini wema umo ndani yake, na wema usiposimuliwa hupotea.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili, mji ukiwa mikononi mwa waasi. Hata hivyo asubuhi za Bulengera zilikuwa na utamu wake. Lusenge, fundi seremala, alipiga randa mbele ya nyumba yake, na maganda ya mbao yakaanguka yamejikunja miguuni pake. Florentine, mkewe, alitwanga sombe, majani ya muhogo. Upande wa pili wa ua aliishi mjane Katungu, Mprotestanti wa kwaya, mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Florentine alikuwa Mkatoliki, lakini chumvi ilivuka ule ua kila siku bila kuulizwa dini.

Siku moja randa ikanyamaza. Florentine aliinua macho, akamwona mumewe ameinama juu ya ubao. Juu ya ubao ule mweupe palikuwa na damu.

"Ni vumbi ya mbao tu," Lusenge alisema, akaifuta kwa kiganja. "Itapita."

Haikupita. Baada ya miezi miwili suruali ilimshuka kiunoni, na usiku jasho lake lililowesha mkeka. Jirani Katungu akaja na sufuria ya uji wa mtama.

Kwetu, ndugu zangu, anayekuletea kinywaji huonja kwanza mbele yako. Ni heshima, tena ni kinga, maana watu wengi huogopa karuho, ile sumu ya pole pole inayosemekana kumla mtu kifuani hadi akauke. Florentine alisubiri Katungu aonje. Katungu alifuta kifuniko kwa kitenge chake, akasema, "Kunyweni ninyi. Mi niko sawa." Akatabasamu, akarudi kwake.

Florentine aliliona jambo hilo, lakini hakumuuliza sababu. Lusenge alikunywa kikombe chote, cha kwanza kukimaliza baada ya siku nyingi.

Wiki hiyo milio ya bunduki ilitoka upande wa Rughenda, watu wakajifungia ndani. Ilipotulia, Lusenge hakuweza tena kusimama. Ndipo alipofika Apollinaire, kaka yake mkubwa. Msimhukumu haraka. Alikuwa ameuza mbuzi wake wa pekee ili ndugu yake apone.

"Yaya, tumupeleke kwa Zorobabel, pale dispansere," Florentine alimwambia. Yaya ni kaka mkubwa, na Zorobabel alikuwa muuguzi wa zahanati.

"Shemeki, dispansere inajua karuho? Watamuchoma sindano afe mbio. Mi nimesha leta mutu anajua."

Mganga aliyeletwa alichemsha mizizi. Lusenge alitapika mpaka akalala kama nguo iliyokamuliwa. Yule mganga akachokora matapishi kwa kijiti, akasema, "Kuna mutu alileta kitu ya kunywa, na yeye hapana alionja. Ni nani?"

Wote wakamtazama Florentine. Mfikirieni mwanamke huyo, aliyekaa miezi miwili bila usingizi, anayemwona mumewe akiisha kama sabuni. Ugonjwa usio na jina ni mzigo mzito, na kutaja jina la mkosaji ni kama kuutua mzigo huo.

"Katungu," alisema. Neno moja tu.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Vijana wa mtaa, neno lile likiwa limeshawafikia, walichukua mbao zilezile za karakana ya Lusenge, wakavunja mlango wa mjane. Walimtoa wakimburuta kwa nywele. Ubao wa kwanza ulimpata mkononi, na mfupa ukalia kama kuni kavu.

"Muchawi! Imba sasa ile kwaya yako!"

"Unaua watu na uji, mama? Leo utakunywa moto!"

Walimpiga mgongoni, walimpiga miguuni, wakamkanyaga tumbo. Mmoja akatia moto nyumba. Wanawake waliokuwa wakiazima chumvi kwake walisimama njiani, wengine wakitema mate. Apollinaire alishika bidoni ya essence, yaani dumu la petroli.

Katungu akageuza uso wenye damu kuelekea ule ua. "Florentine! Jirani! Nilikuwa nafunga! Siku tatu nilifunga juu ya bwana yako, apone! Bwana Yesu alisema tusionyeshe watu tukifunga. Ningeonja namna gani?"

Florentine alisimama kwenye ua. Akakumbuka kwamba siku zile tatu jiko la Katungu lilitoa moshi mara moja tu, moshi wa ule uji.

Akapita katikati ya miti ya ua, ngozi ikichanika. "Mumuache! Ni mi nilisema, na nilisema uongo!"

"Shemeki, toka," Apollinaire alimwambia. "Amesha kukuroga na wewe."

Sufuria moja ilikuwa imetupwa uani pamoja na vyombo vingine, na mabaki ya uji wa asubuhi ile yalikuwa bado ndani yake. "Sumu ndiyo ile!" kijana mmoja akapiga kelele. Florentine akaiokota. Akanywa mbele ya wote, uji wenye majivu na mchanga, mpaka chini, akaitupa. Kisha akajilaza juu ya Katungu, akamfunika mwili wote.

"Mwaga essence basi, yaya! Mwaga juu yetu babili!"

Ubao ulimshukia mgongoni mara mbili. Hakuondoka. Apollinaire alisimama na bidoni yake, asijue la kufanya.

Wakati huo askari wa waasi waliokuwa barabarani waliona moshi na kundi la wanaume wenye mbao. Walidhani ni Mai-Mai, wapiganaji wa msituni waliowapinga. Hawakuuliza neno. Walifyatua risasi. Apollinaire alianguka juu ya bidoni yake, hakusema tena. Vijana wawili wakaanguka karibu naye. Wengine walikimbia wakikanyagana, na mmoja alikimbia ameshika taya lake kwa mikono yote miwili. Wale wanawake wawili walipona kwa sababu tu walikuwa wamelala chini.

Risasi zikiwa bado zinalia, muuguzi Zorobabel alikuja kwa miguu, ameinua kitambaa cheupe juu ya kijiti. Hakuna aliyemwita. Alimbeba Katungu mgongoni mpaka dispansere, akarudi kumchukua Lusenge, aliyekuwa ametambaa mpaka mlangoni na kumwona kaka yake.

Majibu ya makohozi yalitoka baada ya siku mbili.

"Ni kifua kikuu," Zorobabel alisema. "Karuho hakuna hapa. Dawa ni ya miezi munane, kila siku, hata akisikia amesha pona. Mungelimuleta mwanzo, mama."

Florentine alichukua kikombe, akaenda kuchota maji ya kumezea dawa. 

Mnadhani mambo yaliisha hapo? Ndipo kazi ilipoanza. Lusenge aligeukia ukuta, akakaza meno. "Yaya alikufa sababu yangu. Dawa ya nini?"

"Alikufa sababu ya neno langu, hapana sababu yako," Florentine alimwambia. "Kunywa."

"Niache."

"Siwezi kukuacha. Kunywa."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Akitoka kwa mumewe alikwenda kumwosha Katungu, aliyelala chumba cha pili mkono umefungwa vibao. Katungu alikubali kuoshwa, lakini aligeuza uso na hakusema naye neno. Florentine alikamua kitambaa, akaendelea.

Mwezi wa nne wa matibabu dawa zikaisha, na barabara ya Beni ilikuwa imefungwa na mapigano. Zorobabel aliandika barua kwa wenzake wa Beni, Florentine akaificha ndani ya kilemba. Alitembea siku mbili, akipita mashambani na kulala migombani. Aliona kijiji kilichochomwa, na maiti ambazo hakuna aliyebaki kuzizika. Beni walimpa dawa, naye akazifunga ndani ya majani katikati ya furushi la sombe.

Akirudi, kwenye kizuizi askari alimdai pesa. Hakuwa nazo. Askari akampiga kitako cha bunduki mdomoni, meno mawili yakatoka. Wakamnyang'anya kitenge na viatu. Furushi la sombe walilipiga teke tu, likabiringika hadi mtaroni, na alisubiri wachoke kucheka ndipo akaliokota.

Kilomita chache mbele, bibi mmoja asiyemjua alimwona anatembea na sketi ya ndani tu. Alivua kitenge chake kimoja, akamfunga kiunoni, akampa ndizi mbili za kuchemsha, akazipondaponda kwanza kwa ajili ya mdomo ule. "Wasingya," Florentine alimshukuru kwa shida. Bibi hakumuuliza jina wala kabila.

Alipofika alimwekea Lusenge dawa kiganjani. Lusenge aliutazama mdomo wa mkewe kwa muda mrefu. Tangu siku ile hakuambiwa tena kunywa.

Miezi minane ilitimia, na makohozi yakaonekana safi. Kazi ya kwanza ya Lusenge ilikuwa nyumba ya Katungu. Aliijenga upya, pole pole, akipumzika kila baada ya msumari wa tatu. Siku Katungu alipoingia, Florentine alipiga magoti mlangoni.

"Katungu, nisamehe."

Mjane alipapasa mkono wake uliovunjwa. Kisha akasema, "Mi nilisha kusamehe, tangu ulilala juu yangu. Lakini huu mukono, bado. Kila baridi ikishuka, unaniuma, unataja jina lako."

 Florentine aliinuka, akachukua bidoni mbili za maji, yake na ya Katungu, akashuka kisimani.

Somo

Ugonjwa mkubwa ukiingia nyumbani, usitafute kwanza aliyeuleta. Tafuta anayeweza kuutibu. Kumtafuta mkosaji hutupa nguvu za siku moja, nguvu za hasira, na kesho yake mgonjwa bado anakohoa na jirani ameshavunjika. Nguvu ya kweli ni ya pole pole, ni ile ya kumeza dawa leo na kesho na kesho kutwa, hata moyo ukikataa, na hata barabara ikifungwa. Na ukikosa, rudi ukasimame palepale ulipokosea, ingawa hutaweza kurudisha kila kitu. Neno moja lilivunja mkono na likazika watu watatu. Basi, wapenzi wangu, kabla hujataja jina la mtu, nenda kwanza ukamuulize kwa nini hakuonja.