Jino Lililotangulia Wenzake

Nakutegea, nawe utegue: ndugu weupe wamejipanga safu mbili, mmoja akirefuka kidogo tu, nyumba nzima hailali. Umeshindwa? Basi nipe mji, nikupe meno.

Mzee Taisto wa Kuopio, mji wa baridi na theluji, alikuwa mtu wa neno moja. Umwulize baridi, umwulize mvua, jibu ni “Sawa.” Kila asubuhi mkewe, Kerttu, humwuliza, “Kahawa yangu ikoje?” Taisto huitazama theluji dirishani, akasema, “Sawa.”

Siku moja akaenda kuzibwa jino. Mdomo ungali na ganzi, daktari akamwambia aume, akamwuliza, “Linagusa kabla ya mengine?” Taisto akaona, nimsumbue mtu wa watu kwa nini?

“Sawa,” akasema, mate yakimtiririka kidevuni.

Jumamosi ikawa balaa. Akinywa kahawa, jino linamchoma. Akitafuna mkate mweusi, anaruka kitini. Alipotoka sauna, chumba cha kuogea mvuke wa moto, akavuta hewa ya nje, alilia kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

“Jumatatu naenda waling'oe!”

“Jino zima?” Kerttu akamaka. “Umelitunza miaka yote, leo ulitupe?”

Akamwita jirani yao Aune, aliyemsaidia daktari wa meno mpaka akastaafu.

“Moto na baridi vikikuchoma siku za mwanzo, si ajabu,” alisema Aune. “Jino limechokozwa. Kunywa vya uvuguvugu, tafunia upande wa pili. Tumia mswaki laini, na dawa ya meno ya wenye meno yanayosisimka. Haya, ukiuma kitu, linauma?”

“Sa...”

“Sema sawa nikupige mwiko!”

“Linauma.”

“Basi hapo walipoziba pamezidi kimo. Kila ukitafuna, jino hilo linapigwa peke yake. Rudi wakalisawazishe. Na likianza kuuma lenyewe, hata hujala, au likikuamsha usingizini, usikawie.”

“Nitamsumbua daktari.”

“Daktari analala fofofo! Asiyelala ni wewe.”

Jumatatu Taisto akarudi. Daktari akamwumisha karatasi ya rangi, akauliza swali lile lile. Taisto akatokwa jasho.

“Linatangulia,” akasema.

Daktari akapasaga kidogo pale palipozidi, basi. Siku chache baadaye mkate mweusi ukalia mdomoni: karu, karu!

Kerttu akafurahi, akamimina kahawa. “Ikoje?”

Taisto akaitazama theluji. Akamtazama mkewe.

“Chungu,” akasema. “Tangu tuoane.”