Filimbi Niliisikia

Wasomaji wenzangu, mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, na hicho kitu msikiulize. Shule niliishia darasa la pili, ila mdomo Mungu alinipa wa kutosha. Mdomo huo ndio umeniaibisha... Mimi nasema, jirani ananiandikia.

Kwetu ni kijijini, upande wa Kahama. Mwanangu anachimba dhahabu Geita, kaniachia mkewe, Mama Shija. Tunaishi kwa kucheka. Mali yetu ng'ombe, na kiangazi ng'ombe wanakula ngitili, lile eneo la nyasi tunalolifunga tangu masika, asiingie mnyama mpaka ukame ubane.

Mwaka huu watu wa misitu walikuja kufundisha kuzima moto wa porini. Mama Shija akajifunza, wakamfanya kiongozi wa kikosi. Siku aliyotoka kavaa suruali nene ya marehemu mume wangu, na mabuti, nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mayu, hii ni pamba," akasema. Mayu ni mama, kwa Kisukuma. "Nailoni inayeyukia mwilini."

"Basi na ndevu fuga."

Jioni alikuwa anawakumbusha wenzake uani kwangu. Usisimame mbele ya moto. Mmoja aangalie upepo. Filimbi ikilia mfululizo, acha kila kitu, rudi pale palipokwisha kuungua, maana hapo hapana cha kuungua tena. Mimi nasonga ugali, naitikia kama mwanafunzi. Nilielewa vizuri... hapo mpakumbuke.

Moto ukaja mchana mmoja, sijui wachoma mkaa, sijui warina asali. Kikosi kikaingia. Mimi nikapanda kwenye kichuguu, naangalia. Walikuwa wanaushinda, mara upepo ukageuka. Filimbi ikalia. Nikawaona wanarudi kwenye majivu, Mama Shija nyuma yao anahakikisha hakuna aliyebaki. Wote salama.

Halafu nikaona ngitili yangu inashika moto.

Nikapiga mwano.

Mwano ni lile yowe letu la hatari. Msukuma akilisikia anaacha hata chakula, anakimbilia sauti. Ndivyo tulivyolelewa. Kijiji kikaja mbio, kandambili miguuni, mashati ya nailoni, wakanipita wakaingia kwenye nyasi, mbele kabisa ya moto. Mama Shija akapuliza filimbi... nani aijue? Akatoka kwenye majivu akawafuata, anawasukuma warudi. Mzee mmoja shati lake likashika moto, Mama Shija akalichana kwa mikono mitupu. Nailoni ikamgandia vidoleni.

Watu wote walitoka. Mzee alipona. Lakini mikono ya mkwe wangu, jamani...

Hospitali alikaa sana. Majirani wakanipa pole, wakasema ni hofu tu, mayu, filimbi usingeisikia. Nikaitikia, eeh, sikusikia. Aliporudi nikawa namlisha, akaniuliza taratibu, "Mayu, filimbi uliisikia?"

"Moto ule na kelele zake, mwanangu, ningesikia wapi?"

Akafungua mdomo, nikamtia tonge. Hakuuliza tena. Mnaijua aibu ya kumlisha mtu uliyemdanganya, kwa mkono wako mzima?

Mvua zimenyesha. Ngitili imeota, imejaa kama haikuwahi kuungua. Vidole vya Mama Shija bado havikunjiki. Niliviuza kwa nyasi zilizoota zenyewe!

Nawaomba, kama kwenu kuna waliofundishwa kuzima moto, msiwacheke mavazi yao. Na sisi tunaobaki nyumbani tufundishwe ishara zao, kijiji kizima. Wakisema rudi, nyasi ziungue. Wewe fumba mdomo.

Leo asubuhi, kabla jirani hajaja kuandika, nilikata tonge nikamwambia, "Mama Shija, filimbi niliisikia."

Akatafuna kwanza, akameza.

"Najua, mayu. Nilipopuliza uligeuka ukaniangalia."

Kisha akafungua mdomo, akasubiri tonge lingine.