Shimo la Mmea Mama

Upepo wa Sumbawanga ulikuwa ukipuliza vumbi sokoni pale Andwele alipoikanyaga mizizi ya Bertila.

"We kaka! Hiyo dawa ya kifua, siyo zulia la bwana harusi!"

Andwele, kijana wa Mbeya aliyekunja koti jeupe la maabara begani, aliinama kuokota. "Samahani, dada. Nanunua yote niliyokanyaga."

"Basi kanyaga na hili fungu."

Wakacheka. Kesho yake akarudi kununua tena, ingawa hakuwa na kikohozi. Haukupita muda wakawa wanaitana mpenzi.

Kazi ya Andwele kule maabara ilikuwa kukata kipande cha chipukizi na kukiotesha ndani ya chupa, hadi mmea mmoja uzae miche mingi inayofanana nao, hata kwa ukali wa dawa. Milimani mizizi ilikuwa inakwisha kwa kuchimbwa.

"Niletee machipukizi ya mmea mmoja, ule mkali kuliko yote. Miche ikipimwa ikawa sawasawa, nathibitishwa kazini. Hapo natuma mshenga kwenu."

Bertila akaleta, yamefungwa kwenye kipande cha kitenge kilicholoweshwa maji.

Miezi ikapita. Simu ikalia.

"Bertila, machipukizi yale uliyatoa wapi?"

"Leo siyo mpenzi?"

"Miche imepimwa. Mmoja mkali, mwenzake hafifu kama maji matupu. Mkuu wa maabara anasema nimevuruga chupa."

"Nilichanganya ya Mwimbi, ya Milanzi na ya mlima wa kwetu. Ndivyo mama alivyonifundisha: kali ikutane na hafifu, mgonjwa asizidiwe."

"Nilisema mmea mmoja!"

"Nikahofia mmoja ukikataa, utaaibika!"

"Umenimaliza." Akakata.

Bertila akauza mizizi bila kunadi. Mkono uliofunzwa kuponya ndio uliomwaga unga wa mpenzi wake! Alipochoka kulia alipanda mlimani, akaonja mzizi baada ya mzizi, mpaka mmoja ukamkunja uso. Kwao mmea mama, ule mkali unaozaa mingine, hauchimbwi; huchumwa machipukizi tu. Akauchimba.

Alifika Katandala, alikopanga Andwele, kwa bodaboda, gauni lake la njano limejaa udongo, ndoo yenye mmea ule mapajani. Andwele alikuwa anafunga begi.

"Nimetoka kwa mkuu wako. Nimemwambia kosa ni langu."

"Akasemaje?"

"Nafasi ameshapewa mwingine."

Andwele akaketi juu ya begi. "Na mimi nilikufokea."

"Ulinifokea kweli. Mbeya hakuna maabara?"

"Ipo moja. Rafiki yangu ameniitia kibarua."

"Basi beba huu. Mama mmoja, asiyechanganywa."

Akaipokea ndoo kwa mikono miwili, kama anayepewa mtoto. "Twende wote, mpenzi."

"Kama nani wako? Mimi sibebwi pamoja na mizigo."

"Nikikawia je?"

Bertila alijifuta udongo shavuni, ukachanganyika na machozi.

"Kwetu mmea mama hautolewi, Andwele. Huazimwa tu. Machipukizi ukishayakata, uurudishe mwenyewe, na mshenga nyuma yako. Shimo lake sijalifukia."