Koti Lililoshonwa Kabla ya Chuo

Wenzangu wa Rwezamenyo, nipeni sikio kidogo. Haya yalitukia mtaani kwetu mwanzoni mwa mwaka 1990, na aliyekosea ni mtu tunayempenda.

Nyumba ya Idrissa Nsabimana, fundi cherehani, ilikuwa nyumba ya raha. Asubuhi cherehani inalia, mkewe Mukandayisenga anachemsha chai ya maziwa, na binti yao Yasmina anawasomea barua za vyuo. Alikuwa amemaliza sekondari na alitaka kazi moja tu: tiba ya nyuklia. Mgonjwa hupewa dawa yenye mionzi kidogo, kisha kamera maalumu huonyesha dawa imefika wapi mwilini. Sisi majirani tulitikisa vichwa kana kwamba tumeelewa.

Vyuo viwili vya nje vilikuwa tayari kupokea maombi yake. Kimoja kilifundisha kwa posta, miezi sita tu, na karatasi yake ilikuwa na muhuri wa dhahabu. Kingine kilitaka miaka mitatu, na barua yake ilikuwa ya karatasi nyembamba. Vyote vilitaka cheti chenyewe cha sekondari, si nakala, na Yasmina alikuwa na kimoja tu, kwa hiyo angeomba chuo kimoja.

Idrissa akaipenda dhahabu. Baada ya swala ya Ijumaa alitutangazia mlangoni pa msikiti kwamba kabla mwaka haujaisha binti yake atakuwa mtaalamu. Tukampigia makofi, sifa zikampanda kichwani. Akamshonea koti jeupe kwa siri, akatarizi kifuani kwa uzi wa kijani: MTAALAMU.

Alhamisi iliyofuata, siku moja kabla ya kuondoka kwa basi la mwisho ambalo lingewahisha maombi kwenye chuo cha miaka mitatu, Yasmina alilivaa koti lile. Mikono ilimfunika hadi ncha za vidole. Mimi nilikuwepo dukani kwa Idrissa, pamoja na jirani yetu Silvère, mpiga picha za eksirei hospitalini, aliyefuata suruali yake.

"Mzee Idrissa, hii shule ya posta iko na kamera?" Silvère akauliza.

"Iko na muhuri."

"Na hospitali ya kujifunzia iko wapi?"

Idrissa aliigeuza karatasi pande zote mbili akiitafuta.

"Mionzi ya hiyo dawa haina harufu, Mzee. Mtu akifundishwa na karatasi tu, ataumiza wagonjwa, na yeye mwenyewe ataumia."

"Lakini nimeshatangaza," Idrissa akasema. "Uso wangu nitauficha wapi?"

"Papa," Yasmina akasema taratibu, "yule bwana aliyejifunza kushona kwa kitabu, si ulimkatalia hata kushika mkasi?"

"Na hilo koti," mama yake akadakia kutoka mlangoni, "umekata bila kupima."

Tulicheka sana. Idrissa aliona haya, nami nilimwonea huruma, kisha naye akacheka. Kesho yake alfajiri alikwenda mwenyewe kituo cha mabasi cha Nyabugogo, akamkabidhi dereva wa basi cheti ndani ya bahasha ya chuo cha miaka mitatu.

Jibu lilipokuja, Yasmina alikuwa amekubaliwa. Idrissa akasimama tena pale pale mlangoni pa msikiti. "Nilikosea," akasema. "Ni miaka mitatu." Nyumbani alifumua zile herufi za koti moja moja, akauzungusha uzi kwenye kibao cha nyuzi na kumpa binti yake. "Ukimaliza, urudi nao nikutarizie upya."

MAFUNZO

Chuo hakichaguliwi kwa muhuri. Uliza vifaa viko wapi, na wanafunzi wanajifunzia hospitali gani. Mzazi, pima kabla ya kukata, na ukishakosea, rudi ukaseme pale pale uliposifiwa. Nasi majirani tujifunze kuuliza kabla ya kupiga makofi.