Jembe la Mgeni

Mchana wa kwanza tangu arudi safarini, Sabaha alipakua wali kwenye sahani tatu. Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, yeye na mumewe Jamali, maana binti yao Hafidha alishaolewa Masasi. Jamali akaitazama ile sahani ya tatu, akadhani labda jirani kaalikwa. Akanawa, akala, akanawa tena. Jirani hakutokea.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Ipi?" akasema Sabaha, na hali ameishika mkononi. Akaiangalia, akacheka kidogo. "Uchovu wa ndege huo, Baba Hafidha."

Jamali hakuridhika. Huyu bwana alikuwa na wivu wa kuzaliwa nao. Hata fundi bomba akikawia jikoni kwake, yeye sebuleni huanza kukohoa, kho, kho, mpaka fundi akusanye spana zake na kuondoka. Nachingwea nzima walikijua kikohozi hicho, na vijana wa bodaboda walimwigiza wakipita mbele ya mgahawa wa mkewe. Sasa mwanamume wa namna hiyo mkewe aende Ulaya peke yake! Aliruhusu kwa mdomo tu. Moyo ulikataa tangu siku ya kwanza.

Safari yenyewe ilitokana na chakula. Mama mmoja wa Kizungu, Roza, alikaa Nachingwea mwaka mzima akiwafundisha akina mama kubangua korosho, na kila mchana alikula kwa Sabaha, pale karibu na stendi. Mbaazi, kisamvu, mizizi ya ming'oko ya kuchemsha, vyote alivimaliza na kuomba tena. Aliporudi kwao, kisiwa cha Sisilia katika bahari ya Mediterania, akamtumia Sabaha tiketi. Ujumbe ulisema: nimekula kwako, sasa njoo ule kwangu.

"Asubuhi watu wanakula barafu ya limau na mkate, mume wangu, barafu!" Sabaha alisimulia huku akimwonyesha picha kwenye simu. "Tambi wanapikia dagaa. Wali wanaufinyanga madonge, wanayakaanga kama bajia. Na mlima huu unatoa moshi, watu wanaupanda kwa raha zao tu."

"Na huyu?" Jamali akauliza.

"Nani?"

"Huyu jamaa mwenye koti jeusi."

Sabaha akaisogeza simu karibu na macho. "Mimi naona mlango tu hapo."

Jamali akaipokea simu na kuanza kuzipitia picha upya. Katika ya kwanza mtu yule alikuwa mbali, mwisho wa kichochoro cha mawe, amesimama mlangoni mwa nyumba iliyobomoka paa. Katika ya pili alikuwa sokoni, nyuma ya meza ya samaki. Katika ya tatu yuko kule mlimani, kwenye majivu meusi yasiyo na nyumba wala mti, koti lile lile, kofia ile ile, uso hauonekani. Kila picha alikuwa amesogea. Ya mwisho haikupigwa ng'ambo. Ilipigwa hapa hapa stendi ya Nachingwea, na jamaa alikuwa amesimama nyuma ya begi la Sabaha, karibu kiasi cha kuweza kumgusa bega.

Damu ikamchemka. Amekuja naye mpaka hapa! Kesho yake alizunguka nyumba zote za wageni za mji akiulizia Mzungu mwenye koti jeusi. Wakamcheka. "Koti, kwa jua hili?" akauliza Mustafa, mlinzi wa moja ya nyumba hizo. "Huyo angeshaiva, kaka." Jamali akarudi nyumbani na aibu yake, lakini shaka ikabaki pale pale.

Nyumba nayo ikaanza kubadilika. Kila jua likifika utosini, sebule ilijaa harufu ya limau lililokatwa sasa hivi, na chini yake harufu nyingine, ya chumvi na mawe mabichi, wakati bahari iko mbali na wao hawakuwa na hata ndimu moja jikoni. Sahani ya tatu ilikuwa mezani kila siku, na kila siku Sabaha akiulizwa alishtuka kuiona. Chakula chake hakikupungua. Ila siku Jamali alipokionja, alitema: hakikuwa na chumvi, wala tui, wala ladha yoyote, kama mtu anatafuna karatasi iliyoloa. Kuku wakakisogelea, wakakigeuzia mgongo.

Sabaha mwenyewe alikula kwa watu wawili na bado alikonda. Khanga iliyokuwa ikimtosha sasa aliizungusha mara mbili. Mashavu yalimwingia. Jamali alimpenda sana mkewe, hilo hata waliomcheka walilijua, na usiku alipomshika mkono na kuhisi mifupa, alitaka kulia. Lakini wivu ni ugonjwa. Aliona mke anakondeshwa na mapenzi ya mtu mwingine.

Basi akapanga kuwafumania. Mchana mmoja aliaga kwamba anakwenda Kiegei shambani, akaiacha pikipiki kwa jirani, akarudi kwa miguu mpaka chini ya dirisha la sebule, akajibana ukutani, na alipotega sikio akamsikia mkewe akisema kwa sauti ya chini, ya upole, "Kula, mgeni, usione haya," kisha ukimya, kisha sauti ya kutafuna polepole, ya mtu mwenye meno mengi na asiye na haraka, na hapo Jamali hakungoja tena, akausukuma mlango, akaingia na ngumi juu, akamkuta Sabaha peke yake amefumba macho, na mbele yake kiti kitupu kilichovutwa mezani, na sahani ya wali wa moto, na mvuke wa wali ule haukwenda juu kama mvuke unavyokwenda, bali ulilala, ukapinda, ukaelekea kwenye kile kiti, ukaingia mahali ambapo mtu aliyekaa angekuwa na mdomo.

Ngumi ikashuka yenyewe. Siku hiyo Jamali alikuwa na hofu zaidi kuliko wivu, na pengine ndiyo siku pekee katika maisha yake.

Kulipokucha alimpakia mkewe kwenye pikipiki wakaelekea Ruangwa, hadi Namungo, kwa mganga aliyeitwa Bi Hadija. Walimkuta uani amevaa jezi ya timu juu ya khanga, maana jioni kulikuwa na mpira, na nyuma ya nyumba mashine za kusagia mawe ya dhahabu zilinguruma mpaka ikabidi wasogeleane ili wasikizane.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Semeni upesi." Akamtazama Sabaha, akavuta hewa puani, akaikunja pua. "Huyu anayekufuata hajatumwa na mtu. Huyu amealikwa. Nani alimkaribisha?"

Sabaha akainama. "Mimi bibi sikumkaribisha mtu."

"Kumbuka. Ulikula wapi peke yako?"

Sabaha akahesabu siku za safari kwa vidole. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba siku moja kule kisiwani Roza aliingia dukani, yeye akabaki nje, akakaa kwenye ngazi za kichochoroni na donge lake la wali wa kukaanga. Mbele yake palikuwa na nyumba ya zamani, mlango wazi, ndani giza. "Nikaona aibu kula mbele ya mlango wa watu. Nikasema 'Karibu.' Si ndivyo tulivyolelewa, bibi? Unaanzaje kula mbele ya mtu bila kumkaribisha?"

"Alijibu nini?"

"Hakujibu."

"Haya. Mtu ukimkaribisha akasema 'nimeshiba', mmemalizana. Asiyejibu, anakuja." Bi Hadija akajipangusa jasho. "Kule kwao pengine watu walipita mbele ya mlango ule miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyemwambia neno zuri. Sasa anakula chakula, na mwenye kupakua anakwisha pamoja nacho."

"Mfukuze, bibi," akasema Jamali. "Nitatoa chochote."

"Mgeni uliyemkaribisha hafukuzwi, baba. Wazee walisemaje? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nendeni shambani kwenu, jua likiwa utosini. Mke ndiye aliyemwita, mke ndiye amuage. Aweke sahani, aweke na jembe kando, kisha mwondoke bila kugeuka." Akainua kidole. "Jembe lisiwe na mpini! Mmenisikia? Ataona aibu kulala bila kufanya kazi, atalichukua, atakwenda kutafuta mpini. Hao hawajui kuchonga, atazunguka mpaka kiama. Lakini mkimpa lenye mpini, atalima. Na akilima shamba lenu, si mgeni tena. Mtu aliyelima shamba lako utamnyimaje sahani?"

Wakaitikia wote wawili. Mbele ya mkewe Jamali aligonga jembe lake mpaka mpini ukachomoka, mpini wa mti wa mtondoo alioupiga chapa ya herufi J kwa chuma cha moto. Ila mpini hakuuacha nyumbani. Aliuviringisha kwenye kiroba, akaufunga chini ya kiti cha pikipiki.

Shamba la Kiegei lilikuwa halijaguswa. Mvua zilishaanza, majirani walishaandaa pa kupanda ufuta, na yeye siku zote alikuwa akichunga mlango wa nyumba yake. Sabaha akaweka sahani chini, akalaza jembe kando. "Mgeni, umekula, tumefurahi. Siku zako mbili zimekwisha. Jembe hili hapa." Harufu ya limau ikapanda kwenye majani. Wakaondoka bila kutazama nyuma.

Walipofika kwenye pikipiki Jamali akajipapasa mifuko. "Nimeangusha ufunguo. Ngoja hapa."

Akarudi na kiroba chake. Moyoni kulikuwa na utamu wa kulipa kisasi. Amekula kwangu, alijisemea, amekaa na mke wangu mezani kwangu. Na alime! Akatia mpini, akaugonga juu ya jiwe mpaka ukakaza, akaacha.

Hawajafika mbali wakasikia nyuma, ti, ti, ti, chuma kikiingia ardhini.

"Nani analima saa hizi?" akauliza Sabaha.

"Jirani," akasema Jamali, akaongeza mwendo.

Nyumba ikatulia. Harufu ikaisha. Sabaha akaanza kunenepa, mgahawani wateja wakasikia tena kicheko chake, na kwenye zile picha za kisiwani milango ilibaki milango. Jamali alikwenda Kiegei kwa siri, akakuta shamba lote limelimwa, udongo laini, matuta yamenyooka kama yamepigwa kamba. Jembe halikuwepo. Alicheka peke yake pale shambani, kwa furaha ya mtu aliyempata mbaya wake.

Ufuta alioupanda pale ulipofika magotini, alirudi nyumbani mchana mmoja akitoka kupalilia, ana njaa na vumbi. Akaegesha pikipiki, akataka kuegemeza jembe jipya mahali pake pa siku zote, pembeni ya mlango. Mahali pale palikuwa na jembe tayari. Chuma chake kilikuwa kimelika mpaka kubaki upana wa kijiko, na kwenye mpini palikuwa na herufi J.

Huko uani mtu alikuwa akinawa miguu, maji yakidondoka taratibu, kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa bila hodi, kiti kikavutwa, na Jamali akiwa amesimama nje na harufu ya limau imemfikia, akamsikia mkewe akisema kwa upendo, "Pole na kazi, Baba Hafidha."

"Nishapoa," sauti ikajibu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, Jamali.

Akachungulia dirishani. Mezani palikuwa na sahani mbili. Alitaka kupiga kelele, alitaka kuingia kama siku ile na ngumi juu, lakini miguu haikuvuka kizingiti, na neno lililomtoka mdomoni ni neno ambalo hakuwahi kulisema mbele ya nyumba yake tangu aijenge.

"Hodi!"

Sabaha akatoka. Alikuwa amependeza, mashavu yamejaa. Akamtazama mumewe kwa ile heshima ya kumtazama mtu usiyemjua.

"Karibu, kaka. Umefika wakati mzuri, ndiyo kwanza tunakula."

Akageuka kwenda kuongeza sahani ya tatu. Ndani, mezani, mwanamume akaanza kukohoa.