Mama Usafi na Udongo wa Kukaanga

Nyumbani kwa Mama Usafi hata udongo ulikaangwa. Aliutandaza juu ya bati, akawasha moto chini yake, akaugeuza kwa koleo hadi utoe moshi. Kisha aliuchekecha na kuujaza kwenye mifuko ya miche ya misonobari.

“Mke wangu, tia na chumvi basi,” mumewe alimtania.

“Cheka tu. Kwangu mdudu hapati pa kulala.”

Lakini miche iligoma kukua. Majani yalikuwa ya manjano, na kimo hakikuzidi kidole. Miche ya kwanza ilikufa yote. Hii nayo ikifa, shemeji yake angekichukua kiwanja cha miche afyatulie matofali. Walishakubaliana hivyo. Mama Usafi alikosa raha.

Siku moja jirani yao, bibi shamba anayewashauri wakulima, alipita kuwasalimu. Aling'oa mche mmoja, akautazama mzizi.

“Dada, udongo huu umeufanyaje?”

“Nimeukaanga. Ulikuwa na nyuzi nyeupe, uchafu mtupu.”

“Pole. Umewakaanga wasaidizi wako.”

Mama Usafi alinuna. “Wasaidizi gani? Ule si ukungu?”

“Ni kuvu, ndiyo. Ila si kila kuvu ni ugonjwa. Hawa huufunika mzizi kama soksi. Nyuzi zao hupenya mbali, mzizi usikofika, na kuuletea mti maji na chakula. Mti nao huwapa sukari inayotengenezwa na majani. Ni nipe nikupe. Msonobari usio na kuvu hudumaa.”

“Sasa nifanyeje?”

“Chota udongo chini ya misonobari mikubwa yenye afya. Tia kiganja kimoja kila mfuko, karibu na mzizi, umwagilie. Na moto uuzime.”

Mama Usafi aliuleta udongo ule, na majani yake yaliyooza. Mikono ilimwasha kutaka kuuchekecha. Akajizuia.

Polepole miche ikawa ya kijani, ikarefuka. Shemeji alipokuja na kamba ya kupimia kiwanja, aliinama akaitazama miche.

“Shemeji, ndiyo ile ile?”

“Ile ile.”

Aliikunja kamba yake. “Matofali nitafyatua kwingine. Nipatie michache nikapande kwangu.”

Mama Usafi alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. Akamchagulia iliyo mizuri.

“Beba, shemeji,” alisema. “Ila mizizi usiioshe.”