Twende Palermo, Jorrit

“Usinipigie tena. Safari nimeifuta. Tafuta mwanaume mwenye macho, uende naye Palermo.”

Maaike aliisoma meseji hiyo akiwa amesimama kando ya basi lake kwenye yadi ya mabasi ya Groningen, Uholanzi, mvua ikimlowesha. Akapiga. Haikuita. Akapiga tena. Namba yake imefungiwa.

Hinke, dereva mwenzake, akamsogelea.

“Mbona umepauka hivyo? Kuna msiba?”

“Jorrit ameniacha. Kwa meseji.”

“Acha utani! Jana si mlikuwa mnabishana hoteli iwe sokoni au bandarini?”

Ni kweli walikuwa wanabishana, na kwa Maaike ubishi huo ulikuwa ushindi. Jorrit alikuwa seremala wa boti mpaka ugonjwa ulipomchukua macho mwaka uliopita. Tangu hapo hakutaka kutoka nje, hakutaka wageni, na habari za ndoa hakutaka hata kuzisikia. Maaike ndiye aliyekuja na wazo la siku tatu za mapumziko Palermo, Italia.

“Nikafanye nini huko mimi?” Jorrit alimuuliza siku hiyo. “Nitaona nini?”

“Hutaona kitu. Utasikia wauza samaki wakitukanana. Utakula mpaka ushindwe kuinuka. Na jua litakuchoma hiyo pua yako nyeupe.”

Jorrit akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu apofuke.

Sasa Maaike akaitazama tena ile meseji. Akaitazama vizuri.

“Hinke, Jorrit haandiki.”

“Unasemaje?”

“Tangu apofuke hajaniandikia hata neno moja. Hunitumia ujumbe wa sauti. Hii ina koma. Ina nukta!”

“Sasa nani kaiandika?”

Maaike akageuka. Alishapanda baiskeli.

Nyumbani kwa Jorrit, mlango ulifunguliwa na Wietske, dada yake mkubwa, aliyehamia hapo kumtunza mdogo wake. Aliufungua nusu tu, akajaza nafasi iliyobaki kwa mwili wake.

“Amelala.”

“Saa kumi na moja jioni?”

“Hataki kukuona, Maaike.”

“Kuniona hawezi hata akitaka, wifi. Nataka anisikie.” Akapaza sauti. “Jorrit!”

Jikoni kiti kikaburuzwa. Jorrit akatokea ukumbini akishika ukuta, macho yake mekundu.

“Umefuata nini? Si unaenda na mwanaume mwingine?”

“Mwanaume gani?”

“Wietske amesema ulipiga mchana, mimi nikiwa bafuni. Kwamba umechoka na mimi.”

“Na wewe ukaamini? Hukunipigia hata kuniuliza?”

Jorrit akainamisha kichwa.

“Niliamini kwa sababu ningekuwa wewe, ningeshaondoka zamani.”

Maneno hayo yalimuuma Maaike kuliko meseji yenyewe. Akampita Wietske, akaiweka simu yake sikioni mwa Jorrit.

“Sikiliza ulichoniandikia.”

Sauti ya mashine inayosomea maandishi ikaisoma meseji taratibu, bila huruma: tafuta mwanaume mwenye macho, uende naye Palermo.

Jorrit akageuza uso upande wa mlango.

“Wietske?”

“Nimefanya kwa ajili yako!” Wietske akalipuka. “Mwezi jana ulianguka ngazi za hapa hapa nyumbani. Huko ukianguka nani atakuokota? Huyu anayecheka kila kitu?”

“Ndiyo, mimi,” Maaike akasema. “Na mimi nikianguka, ataniokota yeye.”

“Wewe utachoka, utaondoka! Mimi je? Akienda na wewe, mimi nabaki na nani?”

Jorrit akatembea polepole mpaka alipomgusa dada yake begani.

“Mchana umenisikia nalia chumbani. Ukaniletea supu ya njegere, ukakaa kando yangu, ukanyamaza. Uliwezaje?”

Wietske akajifunika uso.

“Niliogopa, Jorrit.”

“Hata mimi naogopa. Naogopa kila asubuhi. Lakini nimepoteza macho, mdomo ninao. Kuanzia leo mambo yangu nitayasema mwenyewe. Hoteli umeifuta?”

“Nimeifuta.”

“Maaike, nipigie namba ya hoteli, halafu nipe simu.”

Akazungumza na mwenye hoteli kwa Kiitaliano cha kuokoteza, akirudia kila neno mara mbili, jasho likimtoka. Alipomaliza aliteremsha simu.

“Kile chumba kizuri kimechukuliwa. Kimebaki kidogo, dirisha liko juu ya soko. Anasema tutapigiwa kelele tangu alfajiri.”

“Ukamjibuje?”

“Nimemwambia hicho hicho. Tena kitanda kimoja.”

“Jorrit!” Wietske akashtuka.

“Kimoja, dada. Nataka kumuoa huyu, si kusafiri naye tu. Kama atanikubali.”

Maaike, ambaye alikuwa hajalia tangu yadini, akalia wakati huo. Alimshika Jorrit mashavu kwa mikono yake yenye baridi.

“Nimekuja kwa baiskeli kwenye mvua yote hii, bado unauliza?”

Wietske aliwatazama wote wawili. Kisha akafuta machozi kwa kiganja.

“Uwanja wa ndege mnaendaje?”

“Treni,” Maaike akajibu, bado kwa ukali.

“Na mabegi? Nitawapeleka kwa gari.” Akamgeukia Maaike. “Ukiniruhusu, wifi.”

Maaike akamtazama usoni.

“Utupeleke. Lakini mengine tutaongea tukirudi. Sijasahau.”

“Usisahau,” Wietske akasema.

Jumamosi mchana, akiwa peke yake mezani, Wietske alipokea ujumbe wa sauti wa Jorrit. Nyuma ya maneno yake zilisikika kelele: wanaume walikuwa wakipiga kelele za kuuza, na mwanamke alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

“Dada, nimejigonga kichwa mlangoni, nimemwagiwa maji ya samaki, na Maaike amenipoteza sokoni. Amenipata nikila kwa watu nisiowajua. Harusi ni mwezi wa tano, jiandae. Na usinipigie leo, nina shughuli.”

Wietske akaisikiliza tena, kisha akaenda kabatini kutazama kama lile gauni lake la bluu bado linamtosha.